Nilikwenda London kusuluhisha ugomvi, nikaishia makaburini angani

Wiki hii sikupeleki Bagamoyo wala mapango ya Amboni. Nakupeleka mahali ambapo basi halifiki, ndege haifiki, na visa hakuna anayekuuliza. Panaitwa B-R5RB. Usijaribu kulitamka haraka haraka, ulimi utateguka. Ni makaburi, ila waliolala pale si watu, ni meli. Na mimi nilifika huko nimekaa kwenye kochi, mashariki ya London, nimejifunika blanketi, kikombe cha chai ya maziwa mkononi.

Ngoja kwanza, usiseme mzee kachanganyikiwa. Nianze mwanzo.

Nilikuwa na safari yangu ya wiki mbili Uingereza. Kabla sijaondoka Dar, dada yangu akanipigia simu. "Ukifika, nenda kamwone mwanao. Anataka kuhama pale anapokaa na sababu hataki kusema. Wewe ndiye mjomba, wewe atakuambia." Nikasema sawa. Moyoni nilishajua: mwanamke huyo, au kodi. Vijana wawili wakikaa nyumba moja majuu, ugomvi wao hauvuki hapo.

Nilikosea, tena vibaya.

Chai ya maziwa na vita

Mpwa wangu anakaa na kijana wa Mombasa. Wamekaa pamoja miaka mingi, wakigawana kodi, umeme na sufuria. Mmombasa ndiye aliyenifungulia mlango. "Karibu mjomba, kaa hapa nikutilie chai." Kijana mwenye adabu zake. Usiku akapika wali wa nazi na samaki, harufu ikanirudisha pwani. Mpwa akatoka chumbani, akachukua sahani yake, akarudi kula ndani. Mlango ukafungwa pu!

Nikamtazama Mmombasa. Nikamwuliza kiume, kuna nini humu ndani?

"Ni vita, mjomba," akasema.

"Vita gani?"

"Vya M2."

Nikadhani ni jina la baa.

Kumbe vijana hawa wanacheza mchezo wa kompyuta unaoitwa EVE Online. Umetengenezwa na kampuni ya CCP ya kule Reykjavik, Iceland, ukafunguliwa mwezi Mei 2003, na tangu 2016 unaweza kuingia bure. Si mchezo wa kumaliza hatua ya kwanza ukaenda ya pili. Ni dunia nzima, au niseme anga zima, yenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Ukiacha Uchina yenye mashine yake, wachezaji wote wamo kwenye anga moja: Mrusi, Mmarekani, Mjerumani, na hawa wetu wawili. Mashine yenyewe inayobeba hayo yote ipo hapo hapo London.

Humo watu wanachimba madini, wanafanya biashara, wanajenga meli, wanateka mifumo ya nyota. Pesa yao inaitwa ISK, herufi zile zile zinazotumika benki kwa pesa ya Iceland, nao Waiceland wanajua utani. Na sheria kubwa ya mchezo ni hii: kilichovunjika kimevunjika. Meli yako ikilipuliwa, imekwenda. Hakuna kurudia kama kwenye kanda.

Meli kubwa kuliko zote inaitwa titani. Zimo zenye urefu wa zaidi ya kilometa 13, yaani uanze Posta uipite Ubungo bado uko kwenye meli ile ile. Kuipata ni jasho la miezi, wengine miaka. Mpwa wangu alikuwa nayo moja. Aliihangaikia jioni tatu nne kila wiki kwa karibu miaka mitatu, baada ya kazi ya ghala.

Nasema alikuwa nayo.

Kila mtu na ushindi wake

Usiku wa pili nikamgongea mpwa chumbani. Akanieleza, na nilivyoelewa ndivyo hivi.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wamefungiwa ndani, kulizuka vita vikubwa kwenye mchezo. Vilianza Julai. Upande mmoja ni Imperium, ambao kiini chao ni kundi la Goonswarm. Upande wa pili ni muungano ulioitwa PAPI, uliokusanya karibu kila aliyekuwa na kisa na hao Goonswarm. Mpwa wangu alikuwa PAPI. Mmombasa alikuwa Imperium. Walikuwa na mkataba wa jikoni: ukitoka chumbani, vita umeviacha chumbani. Hata kuulizana "leo mnakwenda wapi" ilikuwa mwiko, maana ujasusi kwenye mchezo huu ni kazi ya kila siku.

Tarehe 30 Desemba 2020 wakakutana kwenye mfumo unaoitwa M2-XFE, mbele ya ngome ya Imperium. Vita vikapita usiku kucha. Matitani 257 yakateketea, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeandika hasara ya siku hiyo kuwa sawa na dola 378,012. Kila upande ulipoteza zaidi ya 100.

Sasa nani kashinda? Hapo ndipo ngoma ilipoanza. PAPI wakasema tumeshinda, maana tulikuja kuvunja ulinzi wa ngome na tumeuvunja. Imperium wakasema nyinyi mko wengi kuliko sisi, mmetoka sare, sare yenu ni kifo. Yaani kama Simba na Yanga walivyo siku ya pili baada ya bao moja moja: kila mtu anatembea kifua mbele.

Ngome ilibakiza duru moja. Tarehe 2 Januari 2021 PAPI wakarudi kuimaliza. Wenzao walikuwa wameshatangulia ndani, wamejipanga wanangoja. Mpwa wangu akabonyeza kuruka na titani lake, na maelfu ya wenzake. Mashine ikashindwa kubeba watu wote wale. Skrini ikawa nyeusi. Wengine walikwama nje, wengine walikuwa ndani hawajijui, wanapigwa hawaoni.

"Mjomba, nilikaa mbele ya giza saa nzima," mpwa akaniambia. "Napiga kelele nimekwama, nimekwama. Picha iliporudi niko nyumbani, ndani ya mwili mpya. Titani halipo. Sikufyatua hata risasi moja."

Ngome ikasalimika. Ubishi ukaongezeka. PAPI: tumeuawa na mashine, si nyinyi. Imperium: mashine ilikuwa moja kwa wote, mlijua itaelemewa, sisi tuliwahi. Vita vilikwisha Agosti 2021 PAPI walipoondoka, lakini ubishi wa M2 haukuondoka na mtu. Mpaka leo wakikutana wawili wa pande hizo, chai inapoa.

Nikamwambia mpwa wangu, nisikilize. Umepoteza meli ya kwenye kompyuta, pole, lakini ndio uhame nyumba? Tena miaka yote hii imepita?

Hakunijibu. Akafungua kompyuta akanionyesha karatasi. Meli ikifa kwenye mchezo ule inatoka kama risiti: meli ya nani, ilibeba nini, na majina ya wote walioipiga. Risiti ya titani lake ilikuwa na majina mamia. Akashuka nayo chini, chini, kidole kikasimama.

Jina la Mmombasa analotumia kwenye mchezo.

"Niliigundua mwezi uliopita tu," akasema. "Ukuta wetu ni wa mbao, mjomba. Ukipiga chafya huku, kule wanasema afya. Usiku ule nilikuwa napiga kelele."

Nikanyamaza. Nilichukua kikombe changu nikarudi sebuleni.

Nipelekeni nikaone

Asubuhi nikawaweka wote wawili kitako. Siwezi kuamua kesi ya mahali nisipopajua. Kwetu mzee akitaka kuamua kesi ya shamba anakwenda kwanza kuuona mpaka. Nikasema: nipelekeni.

Wakatazamana. M2 mpwa hakutaka kupaona. Mmombasa akasema, basi tumpeleke mjomba B-R.

B-R5RB ni makaburi ya vita vya zamani zaidi, vya tarehe 27 na 28 Januari 2014, kabla hawa wawili hawajaanza kucheza. Kisa chake kitakuchekesha. Wakati huo kumiliki mfumo ulikuwa unalipia ada. Wenye mfumo ule, muungano wa N3 na Pandemic Legion, waliuweka kama kambi yao kuu. Siku ya ada ikafika, haikulipwa. Wenyewe walisema waliweka ijilipe yenyewe. Wengine wakasema mmesahau, msitafute mchawi. Vyovyote iwavyo, umiliki ukadondoka kama fremu ya Kariakoo isiyolipiwa kodi, na maadui, muungano wa CFC na Warusi, wakaingia. Saa 21 za mapigano. Walioshiriki walikuwa 7,548. Matitani 75 yakafa: 59 ya waliosahau ada, 16 ya wavamizi. Hasara ilikisiwa kupita dola 300,000.

Hapo mpwa alinisahihisha, maana nilishashika kichwa. Dola hizo hazikuungua kama noti. Pesa za kweli zinaingia kwenye mchezo kwa kununua vocha za kampuni, ukaziuza humo ndani kwa ISK. Kutoa nje hairuhusiwi. Kwa hiyo hesabu ya magazeti ni ya kubadilisha: meli zile zingekuwa vocha, zingekuwa dola kadhaa. Nyingi zilijengwa kwa kuchimba mawe tu. "Kilichoungua ni muda," akasema. Mmombasa akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Nikaona hilo, nikaliweka.

Wakanifungulia akaunti ya bure, wakanipa kichombo kidogo kisicho na bunduki hata moja. Tukaanzia Jita, soko kuu la anga. Msomaji, Jita ni Kariakoo ya Desemba. Vyombo mamia vinaingia na kutoka, watu wanatangaza bidhaa, na matapeli wamo, wanakuahidi umtumie milioni akurudishie mbili. Nilitaka kumjaribu mmoja, mpwa akanishika mkono.

Mwendo ni wa kupita milango, mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni kuna polisi. Baadaye polisi wanakwisha, na hapo kila mlango unaweza kuwa na wahuni wametega nyavu za kukuzuia usiruke. Mmombasa akatangulia na meli ya mbio kuchungulia. Mpwa alikuwa na mimi. Kazi ya aliyetangulia ni kusema tu kuna watu au hakuna.

Lakini hawa walikuwa hawasemezani. Mmombasa akanong'ona, "Kuna watu," kama anayesoma gazeti. Mpwa akajifanya hakusikia. "Pita tu mjomba." Nikapita. Nikaona mwanga, na maisha yangu yakaishia hapo. Nikaamka Jita kwenye mwili mpya, kichombo hakuna.

Nikaweka kikombe mezani. Nikawaambia: "Nyinyi mmeniua. Si wale jamaa. Nyinyi. Huyu kaona akanong'ona, na wewe umesikia ukanyamaza."

Kimya. Mpwa akashusha macho. Tukaanza upya.

"Kuna watu?" safari hii mpwa akauliza mwenyewe.

"Ngoja... Wapo wawili. Zungukeni mlango wa kushoto."

"Sawa. Tumefika. Huko?"

"Safi. Njooni."

Mlango baada ya mlango, saa nzima na zaidi. Sijawahi kusikia "njooni" nyingi kiasi kile tangu nilipokuwa kondakta wa mdomo kwenye basi la marehemu baba. Njiani nikawauliza, hivi humu ndani nani aliwahi kuheshimiwa na pande zote?

Mmombasa akanisimulia habari ya Vile Rat. Jina lake la kweli ni Sean Smith, Mmarekani, mfanyakazi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Kwenye mchezo alikuwa mwanadiplomasia wa Goonswarm, kazi yake ni kuzungumza na maadui. Tarehe 11 Septemba 2012 aliuawa kweli, Benghazi, Libya, kwenye shambulio lile lililomwua pia balozi Chris Stevens. Habari ilipofika, wachezaji wakabadilisha majina ya vituo vyao angani wakaandika jina lake. Si wenzake tu. Hata waliokuwa wakipigana naye.

"Hata nyinyi?" nikamwuliza mpwa.

"Sikuwepo wakati huo. Lakini ndiyo, upande wowote."

Makaburini

Tukafika B-R5RB. Msomaji, sikia. Mimi nilitegemea katuni. Nilichokiona kimekaa kichwani mpaka leo.

Kampuni iliyaacha mabaki pale kama kumbukumbu, na wakapaita Titanomachy. Matitani yamevunjika vipande, yameelea gizani, mengine yamechanika tumboni, mbavu za chuma nje. Kichombo changu mbele ya vile vipande kilikuwa kama nzi mbele ya kichwa cha treni. Hakuna sauti. Hakuna mtu, isipokuwa sisi watatu. Ukitazama huwezi kujua lipi ni la aliyesahau ada na lipi ni la mvamizi. 59 na 16, yote yamelala kimoja.

Nikawaambia: hawa walibishana?

"Sana," Mmombasa akasema. "Habari ya ada ile walibishana miaka."

"Na sasa?"

"Sasa watu huja kupiga picha."

Tukakaa tunatazama. Redio ya jirani ilikuwa inapita ukutani kidogo kidogo, na ndipo niliposadiki ile habari ya mbao. Mpwa hakugeuza uso kutoka kwenye skrini. Akauliza polepole:

"Ulinisikia?"

Mmombasa hakuuliza usiku gani. Alikaa muda. Angeweza kusema alivaa vifaa vya masikioni. Angeweza kusema kamanda alitoa amri, watu mamia walibonyeza, mmoja asingebadilisha kitu. Nilimwona maneno hayo yamemfika mdomoni.

"Nilikusikia," akasema. "Nilijua ni wewe. Kamanda akataja jina la meli yako, nikabonyeza. Nilitaka tushinde."

Mpwa akavuta pumzi.

"Na asubuhi yake ukanipikia mahamri."

"Nikakupikia mahamri. Sikujua la kusema."

"Ungesema tu."

"Nasema sasa. Niwie radhi ndugu yangu."

Mimi niliyetumwa kusuluhisha sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa nimeshika panya ya kompyuta, kichombo changu kinazunguka zunguka karibu na mbavu za titani la watu, sijui nakwenda wapi.

Ghafla Mmombasa akapaza sauti: "Kuna mtu kaingia! Mjomba, ondoka! Mpeleke mlangoni, mpeleke!" Mpwa akaninyang'anya panya, akabonyeza, tukakimbia. Mmombasa alichelewa, wakamshika. Meli yake ikalipuka kando ya makaburi yale.

Mpwa akacheka. Cheko la kwanza tangu niingie nyumba ile. "Risiti ikitoka nitaitazama jina langu halimo," akamwambia.

Mmombasa naye akacheka, lakini akaenda jikoni kwanza, akakaa huko muda mrefu kuliko maji ya chai yanavyohitaji.

Usiku huo walikula meza moja. Sitakudanganya kwamba ugomvi wa M2 umekwisha. Nikiwa nanawa mikono tu nikasikia: "Lakini mlijua mashine itaelemewa!" na mwenzake: "Si nyinyi mliokuja wengi!" Wanabishana mdomo umejaa wali. Dada alipopiga simu nikamwambia mwanao hahami mwezi huu. Akauliza, ilikuwa mwanamke? Nikamwambia hapana, ilikuwa ukuta.

Hakunielewa. Wewe msomaji umenielewa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.